Karatasi Itangulie Mazoezi

Maswali ya wasomaji kuhusu uwakili wa sanaa za jukwaani

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa sheria, watunzi wa tamthilia, waelekezi na viongozi wa vikundi vidogo. Ukizisoma kwa pamoja utaona karibu zote zinazunguka jambo moja: mchezo ukishapita mikononi mwa watu kumi, ni wa nani? Sheria hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo kila tunapotaja kanuni ya mahali fulani tumesema ni ya wapi.

*Niko mwaka wa tatu nasomea sheria. Mawakili wa muziki na wa filamu nawasikia kila siku, ila wa tamthilia simjui hata mmoja. Kuna tofauti ya kweli, au ni wakili yule yule wa burudani aliyebadilisha mteja?*

Tofauti ipo, na inaanzia kwenye hakimiliki. Kwenye filamu, desturi ni kampuni kununua mswada moja kwa moja. Mwandishi analipwa, umiliki unahama, na wiki inayofuata anaweza kuletwa mwandishi mwingine aufumue wote. Jukwaani ni kinyume. Mtunzi anabaki na hakimiliki yake, na prodyuza anapewa leseni tu: ya muda fulani, eneo fulani, na ukumbi wa daraja fulani.

Desturi hii haikuja bure. Ufaransa, mwaka 1777, Beaumarchais aliwakusanya watunzi wenzake kudai hesabu kutoka Comédie-Française, kampuni ya maigizo ya Paris, na sheria ya 1791 ikampa mtunzi mamlaka ya kuamua nani aigize kazi yake. New York, watunzi waliungana chini ya Dramatists Guild na kupata mkataba wao wa kima cha chini mwaka 1926. Mkataba wa chama hicho unaotumika leo kwa Broadway, yaani kumbi kubwa za biashara za New York, ulianza mwaka 1985. Umuhimu wa historia hii kwa wakili ni wa kila siku, maana ndiyo sababu hakuna anayeruhusiwa kugusa hata neno moja la mswada bila idhini ya mtunzi.

Kwa hiyo kazi yako kubwa itakuwa kutunza ruhusa. Utaandika mkataba wa mtunzi na wa mmiliki wa kazi ya chanzo. Utaunda kampuni ya onyesho na nyaraka za wawekezaji. Zitafuata karatasi za mwelekezi, mtunzi wa dansi, wabunifu wa mandhari, mavazi, taa na sauti, leseni ya ukumbi, makubaliano ya vyama vya wafanyakazi, bima, na baadaye ziara na rekodi ya nyimbo za onyesho. Tamthilia ya muziki ina kifungu chake cha pekee: hadithi, mashairi na muziki vina wamiliki tofauti, na lazima mkataba useme ni siku gani vitatu hivyo vinafungwa pamoja, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuondoa sehemu yake. Kwa kawaida ni baada ya idadi fulani ya maonyesho ya kulipia. Kifungu hiki kikikosekana, mtunzi wa muziki akigombana na mwenzake anachukua nyimbo zake na kuondoka, na onyesho linabaki mifupa.

*Nimeipenda riwaya moja na nataka kuigeuza tamthilia. Mwandishi alishafariki. Nianzie wapi, na nilipe nini?*

Anzia kwenye tarehe ya kifo, wala usianze kuandika. Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hali ulivyo leo, unataka nchi wanachama zilinde kazi kwa angalau maisha ya mwandishi na miaka 50. Nchi nyingi zimepandisha hadi 70, Mexico ni 100. Marekani ina hesabu nyingine kwa vitabu vya zamani: vilivyochapishwa kabla ya 1978 na kutunziwa haki zake hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Maana yake ni kwamba riwaya inaweza kuwa mali ya umma hapa na bado ikawa na mwenyewe kule unakotaka kupeleka ziara. Orodhesha nchi unazozitaka na uangalie moja moja.

Kuna na mambo ya pekee. Haki za Peter Pan, mtunzi wake J. M. Barrie alizitoa kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, mwaka 1929. Muda wa kawaida ulipokwisha Uingereza, Bunge liliweka kwenye sheria ya 1988 kipengele kinachoipa hospitali hiyo mirahaba, yaani malipo ya mwenye haki kazi inapotumiwa, nchini humo bila ukomo. Na angalia lugha uliyosomea. Shakespeare ni wa kila mtu, lakini tafsiri yake iliyotoka miaka 20 iliyopita ni mali ya mtafsiri.

Ikiwa kazi bado inalindwa, tafuta nani ameshika haki za jukwaa. Usiridhike na jibu la mchapishaji, kwani mara nyingi yeye ana haki za kitabu tu. Uliza kwa maandishi maswali matatu: Haki za jukwaa ziko kwa nani? Zimewahi kutolewa kwa mwingine, na kama ndiyo, zilirudi lini? Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilichukua haki gani na kuzuia zipi? Swali la pili ndilo linalowaumiza wengi. Mwaka 2019 vikundi vidogo kadhaa, Marekani na Uingereza, vilifuta maonyesho ya To Kill a Mockingbird, tamthilia iliyotokana na riwaya ya Harper Lee, baada ya kuandikiwa na mawakili wa uzalishaji mpya wa riwaya hiyo hiyo Broadway. Vilikuwa na leseni, vimelipa, vimeshafanya mazoezi, ila leseni hiyo ilitokana na makubaliano ya 1969 na mpaka wake dhidi ya makubaliano mapya ulikuwa unabishaniwa. Leseni ya miaka 50 nyuma na leseni mpya vilikuwa vimegongana, na waliokuwa katikati ndio walioumia.

Mwenye haki akipatikana, usinunue moja kwa moja. Omba opsheni, yaani kutengewa haki kwa muda. Utaratibu wa kawaida ni miezi 12, na nafasi ya kuongeza miezi 12 kwa malipo mengine. Hakikisha karatasi inasema: kama malipo ya opsheni ni sehemu ya mirahaba ya baadaye au yanasimama peke yake, nani ana kauli juu ya mswada, na akinyamaza kwa siku ngapi inahesabika amekubali (siku 10 za kazi zinatosha), na ni tendo gani hasa linalohesabika kuwa umeitumia haki.

Hilo la mwisho tulisogelee. Tumeona mikataba inayosema tu “onyesho lifanyike kabla ya 31 Desemba”. Onyesho gani? Usomaji wa mswada mbele ya marafiki 30 ni onyesho? Majaribio ya tiketi nusu bei? Andika hivi: “onyesho rasmi la kwanza, mbele ya watazamaji waliolipa, katika ukumbi wenye viti visivyopungua” kadhaa. Na uandike kwamba haki zikirudi kwa mwenyewe, maneno uliyotunga wewe hayaendi naye, ingawa hutaweza kuyatumia na hadithi yake bila ruhusa mpya.

Kauli juu ya mswada nayo isiwe ya kupepesuka. Mwaka 2018 wasimamizi wa mirathi ya Harper Lee waliishtaki kampuni iliyokuwa ikiandaa tamthilia ile ile ya Broadway. Walishikilia kifungu kilichosema mchezo usiende kinyume na roho ya riwaya. Roho ya riwaya hupimwa kwa kipimo gani? Kesi iliisha kwa maelewano, ila kazi ya wakili ni kuandika kitu kinachopimika: wahusika gani hawabadiliki, tukio gani lazima libaki, nani aamue wakibishana na kwa siku ngapi.

*Ukumbi wetu unalipia leseni ya muziki kila mwaka. Tunaweza kuimba wimbo maarufu ndani ya tamthilia yetu?*

Hapana, si kwa leseni hiyo. Mawakili hutenganisha haki ndogo na haki kubwa. Haki ndogo ni muziki kupigwa tu hadharani, kama ule unaosikika watu wakitafuta viti, na huo ndio unaolipiwa kwa chama cha watunzi wa muziki. Wimbo ukiingia ndani ya hadithi, mhusika akauimba kueleza yaliyomo moyoni, hiyo ni haki kubwa. Inatolewa na mchapishaji wa muziki mwenyewe, kwa makubaliano ya pekee, na ana uhuru wa kukataa. Ukipiga rekodi badala ya kuimba, unahitaji na ruhusa ya mwenye rekodi. Omba miezi 6 mapema, na uwe na wimbo mbadala mkononi.

*Kwenye mazoezi waigizaji wetu walibuni mistari mingi, na mshauri wa tamthilia akapanga upya sehemu nzima ya pili. Sasa mchezo umepata soko na kila mtu anasema ni mwandishi. Nani mwenye haki?*

Mwenzetu, swali hili lilipaswa kujibiwa siku ya kwanza ya mazoezi, ila tukupe mwanga.

Mfano unaosomwa zaidi ni wa Rent, tamthilia ya muziki ya Jonathan Larson. Larson alifariki Januari 1996, onyesho likiwa mlangoni kuanza, na baadaye likawa na mafanikio makubwa mno Broadway. Lynn Thomson, mshauri wa tamthilia aliyelipwa dola 2,000 kumsaidia kuupanga upya mswada, alikwenda mahakamani kudai asilimia 16 ya mirahaba ya mtunzi. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York ilikubali kwamba mchango wake ulikuwa mkubwa, lakini ikamnyima hadhi ya mtunzi mwenza. Sababu ilitokana na kesi ya mwaka 1991 kati ya mtunzi Alice Childress na mwigizaji Clarice Taylor: ili muwe watunzi wenza, kila mmoja awe ameleta kitu kinachoweza kulindwa chenyewe, na wote wawili wawe walikusudia tangu mwanzo kuwa watunzi wenza. Larson alikuwa amejiita mtunzi pekee kila mahali.

Wanaoisoma kesi hii juu juu hudhani mtunzi alishinda na mambo yakaisha. Sivyo. Mahakama haikusema kama Thomson aliendelea kumiliki mistari aliyoileta mwenyewe. Swali hilo liliachwa, kisha pande mbili zikapatana nje. Kwa hiyo onyesho lenye mapato ya mamilioni lingeweza kubaki na mistari yenye mmiliki mwingine ndani yake. Hilo ndilo jinamizi la wakili wa jukwaa.

Dawa yake ni nusu ukurasa. Kila anayeingia chumba cha mazoezi asaini maneno ya aina hii: “Chochote nitakachopendekeza, nitakachotamka au kubuni katika mazoezi na kikaingia kwenye mswada ni mali ya Mtunzi tangu kinapotungwa. Kwa saini hii nakihamishia kwake, kwa malipo yaliyotajwa kifungu cha 4.” Tazama maneno “nakihamishia”, wala si “nitakihamisha”. Lile la pili ni ahadi tu, na ahadi hudaiwa mahakamani. Ikiwa kweli waigizaji wanatunga, kama ilivyo kwa vikundi vinavyojenga mchezo kwa kubuni papo kwa papo, basi haki iwe wazi kwa upande wao pia: taja asilimia, taja jina lao litakaa wapi kwenye bango, na mpaka lini watalipwa wakishaondoka. Kumnyonya mwigizaji kwa karatasi isiyoeleweka ni dhambi ya taaluma hii, na mara nyingi inarudi siku mchezo unapotaka kuuzwa.

Kwa hali yenu ya sasa, kaeni mezani kabla ya kusaini chochote na mnunuzi. Mkichelewa, mtalazimika kumhakikishia kwa saini kwamba haki zote ni zenu, na mkikosea mtamlipa fidia.

*Mimi ni mwelekezi. Kikundi kingine kimenakili mpangilio wangu wa jukwaa hatua kwa hatua. Nina haki?*

Ni uwanja wenye ubishi. Dansi iliyoandikwa au kurekodiwa inalindwa waziwazi, kwa mfano Marekani tangu 1978. Mienendo ya waigizaji iliyopangwa na mwelekezi haijapata jibu moja la mahakama. Mwaka 1996 mwelekezi Joe Mantello alilalamikia ukumbi mmoja wa Florida kwa kunakili kazi yake, na shauri likaisha kwa maelewano bila kanuni kuwekwa. Basi jilinde kwa mkataba: daftari la jukwaa libaki kwako, prodyuza asilikabidhi kwa mtu bila kukulipa, na onyesho lako likihamia ukumbi mkubwa uulizwe wewe kwanza kabla ya mwelekezi mwingine. Tunza na picha za video zenye tarehe.

*Shule yetu imepata leseni ya mchezo wa wanaume watano, na sisi tuna wasichana. Tukibadili majina kidogo nani atajua?*

Mwenye haki anaweza kujua, maana bango lenu liko mtandaoni. Leseni za shule na vikundi vya ridhaa karibu zote zinakataza kubadili maneno, kukata sehemu au kugeuza jinsia ya mhusika bila idhini ya maandishi. Samuel Beckett alikwenda mahakamani Uholanzi mwaka 1988 kuzuia wanawake wasiigize mchezo wake wa Waiting for Godot. Alishindwa, ila kwa nchi nyingine huwezi kuegemea hukumu hiyo. Andikeni barua moja kwa mtoa leseni, mtaje wahusika na sababu. Watunzi walio hai hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

*Nimeajiriwa juzi kwenye ofisi ya mawakili wa burudani. Mkuu wangu alinipa karatasi ya mirahaba ya tamthilia ya muziki na kuniambia “hakikisha mteja halii”. Sikuelewa hata mstari mmoja. Nisaidieni.*

Chukua kalamu. Tutatumia tarakimu za mfano, kwa dola.

Onyesho limegharimu milioni 12 kulifikisha siku ya ufunguzi. Hiyo ndiyo mtaji. Kuliendesha kwa wiki moja, yaani mishahara, kodi ya ukumbi, matangazo, taa, kunagharimu 430,000. Wenye mirahaba kwa pamoja wanastahili asilimia 8 ya mapato ghafi: watunzi watatu 4.5, mwenye riwaya 1, mwelekezi 1.5, mtunzi wa dansi 0.5, wabunifu 0.5. Ile 4.5 hatukuibuni. Ndiyo ya mkataba wa 1985 kwa tamthilia za muziki za Broadway kabla mtaji haujarudi, na ukirudi inapanda hadi 6. Kwa tamthilia isiyo ya muziki ni 5, kisha 10.

Wiki nzuri inaingiza 650,000. Mirahaba ni 52,000, gharama 430,000, kinabaki 168,000 cha kurudisha mtaji. Kwa mwendo huo mtaji unarudi wiki ya 72. Wiki ya kawaida inaingiza 500,000. Mirahaba 40,000, kinabaki 30,000, na kwa mwendo huo mtaji utarudi baada ya wiki 400. Wiki mbaya inaingiza 450,000: mirahaba 36,000, gharama 430,000, na onyesho limekula hasara ya 16,000 huku mwelekezi akipokea hundi yake. Hapo ndipo wawekezaji wanapoanza kupiga simu.

Ndiyo maana ukabuniwa mfuko wa mirahaba. Badala ya asilimia ya mapato ghafi, wote wanaingia mfuko mmoja unaopata sehemu ya faida ya uendeshaji ya wiki (mapato toa gharama, kabla ya mirahaba), tuseme asilimia 35, wakigawana kwa uwiano wa asilimia zao. Wiki ya 500,000 faida ni 70,000, mfuko unapata 24,500 badala ya 40,000. Wiki ya 650,000 faida ni 220,000, mfuko unapata 77,000 badala ya 52,000. Ukikokotoa utakuta mstari wa kuvukia uko karibu na 557,000: juu yake mfuko unamfaa mtunzi, chini yake unamfaa mwekezaji. Ukimwakilisha mtunzi, kazi yako ni kudai kima cha chini cha wiki, tuseme 1,000 kwa kila asilimia 1. Katika wiki ile ya 450,000 mfuko ungetoa 7,000, lakini kima cha chini kinawapa 8,000, na mteja wako halii njaa.

Mambo matatu ya kukagua kabla hujamrudishia mkuu wako. Kwanza, “mapato ghafi” yamekatwa nini: kodi ya tiketi na ada za kadi ni kawaida, ila gharama za matangazo zikiingia hapo, piga mstari mwekundu. Pili, mfuko ni wa wiki moja moja au wanajumlisha wiki nne? Wakijumlisha, wiki mbaya inameza nzuri. Tatu, prodyuza mwenyewe ana malipo yake ya usimamizi. Wenzake wakiingia mfukoni naye aingie.

Mtaji ukisharudi, desturi ya Broadway ni faida kugawanywa nusu kwa nusu kati ya wawekezaji na prodyuza. Na kwenye leseni ya ukumbi tafuta kifungu cha kusimamisha: mapato yakishuka chini ya kiasi fulani kwa wiki mbili mfululizo, mwenye ukumbi anaweza kukutoa. Hakikisha wiki za sikukuu na za dharura hazihesabiwi, na uangalie kama prodyuza anaruhusiwa kujinunulia tiketi kufikia kiwango hicho. Mikataba mingi inakataza.

*Nataka kuingia kazi hii. Nisome nini, na nani atanipa nafasi ya kwanza?*

Digrii ya sheria na leseni ya uwakili havikwepeki. Zaidi ya hapo hakuna cheti cha “sheria ya tamthilia” kinachotambulika kila mahali, na usitumie fedha kukitafuta. Masomo yatakayokulisha ni manne: hakimiliki, mikataba, sheria ya kampuni na dhamana za uwekezaji (hisa na mfano wake), na sheria ya kazi. La tatu hudharauliwa, na ndilo linaloleta matatizo makubwa. Marekani, kwa mfano, kumwalika mtu aweke fedha kwenye onyesho ili apate faida ni kuuza dhamana za uwekezaji. Prodyuza akitangaza “tuchangieni mvune” bila usajili au msamaha wa kisheria amevunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Jifunze pia karatasi ya hesabu ya kompyuta hadi uweze kujenga mfano ule wa juu bila msaada. Na uende kwenye mazoezi ya kiufundi, yale ya saa kumi kwa siku ambapo taa zinapangwa mstari kwa mstari. Wakili asiyejua mabadiliko ya seti huchukua muda gani hawezi kuandika kifungu cha muda wa ziada cha mafundi.

Nafasi ya kwanza mara nyingi haipatikani ofisi kubwa. Nenda kwenye shirika linalowapa wasanii msaada wa kisheria wa kujitolea. New York lipo moja tangu 1969, Volunteer Lawyers for the Arts, na miji mingine ina ya namna hiyo. Mlango wa pili ni idara ya leseni ya mchapishaji wa tamthilia: utasoma maombi mamia kwa mwezi na kujua watu wanakosea wapi. Wa tatu ni ofisi ya meneja mkuu wa maonyesho, hata kama cheo chako kitaitwa msaidizi. Onyesho moja dogo ulilolifungia karatasi zake zote, kutoka opsheni hadi bima, lina uzito kuliko miaka miwili ya kunakili faili.

*Tuko marafiki wanne: mtunzi, mwanamuziki, mwelekezi na prodyuza. Tunaweza kushirikiana wakili mmoja ili tuokoe fedha? Na wakili analipwaje?*

Wakili mmoja kwa wanne ni hatari, kwa sababu kila asilimia anayompa mmoja anamtoa mwingine. Nchi nyingi humruhusu tu ikiwa wote mmepewa maelezo ya mgongano huo na mmekubali kwa maandishi, na mkigombana atalazimika kuwaacha wote. Mnachoweza kufanya ni hiki: mtunzi na mwanamuziki, ikiwa wameshakubaliana mgawanyo wao, wawe na wakili mmoja, prodyuza awe na wake, mwelekezi amtumie wakili kwa saa mbili tu kupitia mkataba wake.

Malipo huja kwa njia tatu. Kwa saa, ambayo inamfaa mwenye swali moja. Kwa ada ya jumla ya onyesho, ambayo wakili wa prodyuza huiweka ndani ya bajeti ya mtaji, pamoja na kiasi kidogo cha kila wiki onyesho likiwa linaendelea. Au kwa asilimia ya mapato ya msanii, ambayo kwa kawaida ni 5. Mkichagua asilimia, andikeni inahesabiwa juu ya mikataba gani, na kama inaendelea mkishaachana naye. Barua ya kumwajiri itaje mteja ni nani kwa jina lake kamili, kwa sababu “kampuni ya onyesho” ambayo bado haijasajiliwa si mteja wa mtu yeyote, na bili itamfuata aliyesaini.